Kifurushi cha likizo cha kulipia kwa awamu: tumekipima kwa bajeti ya familia

Huduma tunayoipima hapa imeenea kila mahali. Kampuni ya safari, benki au programu ya simu inaiuzia familia likizo nzima, yaani nauli, malazi na mara nyingine mlo, kisha bei inagawanywa katika malipo ya kila mwezi. Ina sura mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni lipa kwanza: familia inatoa kianzio, inaendelea kulipa kwa miezi 8 hadi 18, na inasafiri ikishamaliza. Ya pili ni safiri kwanza: familia inaondoka ndani ya wiki chache, na marejesho yanaanza ikisharudi. Kwenye tangazo zinafanana kwa sababu zote mbili hutajwa kwa kiasi cha mwezi. Kwenye mfuko wa familia ni mambo mawili yaliyo mbalimbali: ya kwanza ni akiba unayomwekea mtu mwingine mkononi, ya pili ni mkopo.

Tuseme hukumu mapema. Lipa kwanza inafaa endapo fedha za wateja zimetengwa na zinalindwa. Safiri kwanza haifai kwa familia yoyote inayoweza kusubiri mwaka mmoja. Na ipo njia ya tatu, ambayo hakuna anayeitangaza kwa kuwa hakuna anayepata faida kwayo, inayozishinda zote mbili kwa familia nyingi.

Kwanza nafasi ya likizo kwenye foleni ya matumizi, maana hapo ndipo huduma hii inapofaa au kuharibu. Familia nyingi huiweka likizo mwisho kabisa: pesa ikibaki tutakwenda. Pesa haibaki, miaka inapita, watoto wanakua na kuwa na ratiba zao. Sisi tunaona huko ni kukosea. Mapumziko si pambo. Kifungu cha 24 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinataja haki ya kila mtu ya kupumzika na kupata likizo za mara kwa mara zenye malipo, na Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970 unaweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi. Ila haki hiyo ni ya muda. Hakuna mahali panaposema lazima muda huo utumike hotelini, na muuzaji wa vifurushi hana haraka ya kukukumbusha hilo.

Yapo matumizi ambayo likizo isiyaguse hata kidogo: kodi ya nyumba, chakula, ada za shule, dawa na matibabu, bima ya afya, na marejesho ya madeni yaliyopo. Baada ya hayo inakuja akiba ya dharura. Lengo zuri ni matumizi ya lazima ya miezi mitatu, lakini kuitaka familia ifikishe miezi mitatu kabla ya kuwaza likizo ni kuiambia isipumzike kwa miaka. Tunashauri hivi: mwezi mmoja kamili uwe umekaa benki kabla ya kulipa kianzio chochote, na akiba ya dharura iendelee kuongezwa sambamba na ya likizo. Mwenye deni la kadi ya mkopo au la programu za mikopo ya haraka alimalize kwanza, kwa kuwa riba yake inakula zaidi ya punguzo lolote la kuwahi kulipia safari.

Zaidi ya hapo likizo ipewe kipaumbele bila aibu. Iyatangulie mabadiliko ya samani ambazo bado zinakalika, simu mpya wakati ya zamani inafanya kazi, gari kubwa kuliko mahitaji, na sherehe za kuwaridhisha watu wa nje ya nyumba. Kwa familia yenye kipato cha kati, asilimia 5 ya kipato kinachobaki baada ya makato ni kiasi cha kuanzia nacho. Ikifika asilimia 8, kuna kitu cha lazima kinachopunjwa, na mara nyingi ni ile akiba ya dharura.

Sasa twende kwenye bidhaa yenyewe. Tutatumia namba tupu, msomaji aweke fedha ya kwake.

Tangazo linasema “kuanzia 220 kwa mtu”. Baba, mama na watoto wawili wanapiga hesabu ya haraka: 220 mara 4 ni 880. Hesabu hiyo haitatimia. Neno “kuanzia” lina maana ya watu wazima wawili wanaolala chumba kimoja katika wiki isiyo na wateja, na wenye watoto wa shule hawawezi kusafiri wiki hiyo. Tuchukulie wakati wa kufungwa kwa shule bei ya mtu mzima inapanda hadi 280 na ya mtoto ni 210. Wazazi ni 560, watoto 420, jumla 980. Ongeza mabegi mawili ya kupakiwa kwa 60, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege hadi malazini na kurudi kwa 40, bima ya safari ya familia 60, kodi ya malazi inayolipwa mapokezi 24, na nauli ya kutoka nyumbani hadi mnakoondokea 36. Imefika 1,200, yaani asilimia 36 juu ya ile 880, na bado hamjanunua hata maji ya kunywa njiani. Pesa ya mkononi itengwe peke yake, asilimia 10 hadi 15 ya jumla kama mlo umo kwenye kifurushi. Kama mlo haumo, hesabu chakula kwa siku na kwa mtu, usikadirie kwa mkupuo.

Chumba ndicho kinachowaponza wengi. Hoteli nyingi huruhusu watu watatu tu kwa chumba, hivyo familia ya watu wanne inauziwa vyumba viwili au inaongezewa kitanda cha kukunja. Ukiambiwa vyumba vitakuwa vya kupakana, uliza kama hilo limehakikishwa au ni ombi tu. Kwenye hati nyingi huandikwa kama ombi, na hoteli haiwajibiki kulitimiza. Mzazi wa watoto wadogo anaweza kujikuta yuko ghorofa moja na wanawe ghorofa nyingine, na hapo wazazi watagawana vyumba usiku wote wa likizo.

Umri wa mtoto nao unabadilisha bei kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ndege, mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa. Akitimiza miaka 2 kabla ya safari ya kurudi, anatakiwa kiti chake cha kurudia na nauli yake. Hoteli huwa na mipaka yake, na wakati mwingine mtoto wa miaka 12 huhesabiwa mtu mzima. Kwa kuwa lipa kwanza huchukua mwaka na zaidi, mtoto aliyeandikishwa akiwa na miaka 11 huenda akasafiri akiwa na 12. Mpe muuzaji tarehe za kuzaliwa, si umri wa leo, na umwombe akupe bei kwa tarehe ya kurudi.

Tukija kwenye riba, safiri kwanza ndipo inapoanguka. Chukua mkopo wa 1,200 wa miezi 12 wenye “riba ya asilimia 10 tu”. Riba ni 120, jumla 1,320, kila mwezi 110. Inasikika nyepesi. Tatizo ni kwamba asilimia 10 inatozwa kwa deni lote la mwanzo kwa mwaka mzima, ilhali wewe unalipunguza deni kila mwezi. Kwa wastani umekaa na zaidi kidogo ya nusu tu ya pesa hiyo, kwa hiyo gharama halisi ya mkopo ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Mkopeshaji akikukata ada ya kufungua mkataba ya asilimia 3, yaani 36, umepokea 1,164 na unarejesha 1,320, na gharama inapanda hadi karibu asilimia 24. Jumla umelipa 156 zaidi. Kwa likizo ya siku 7 inayogharimu 1,200, hiyo ni gharama ya siku nzima kasoro kidogo, iliyolipwa kwa sababu tu hamkusubiri. Muuzaji akitaja riba, muulize jumla ya kila kitu nitakachotoa mpaka mwisho ni ngapi, kisha toa bei ya kulipa taslimu. Tofauti ndiyo bei ya haraka yenu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kulipa kabla, na hii haimo kwenye mkataba. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watu wazima 1,530, ulionyesha kwamba waliokuwa wakingojea safari walikuwa na furaha zaidi ya wasiosafiri, lakini wakisharudi tofauti ilitoweka kwa wengi wao; iliwabakia walioieleza likizo yao kuwa ya utulivu mkubwa. Linganisha na ratiba za malipo. Anayelipa kwanza anatoa pesa katika miezi ya kungojea, wakati kila awamu inaisogeza safari karibu. Anayesafiri kwanza anaanza kulipa furaha inapokwisha, na awamu ya mwisho inagongana na kufungwa kwa shule kwa mwaka unaofuata. Ndipo watoto wanapouliza tunakwenda wapi, na mzazi anasaini mkopo wa pili kabla wa kwanza haujapoa. Mzunguko huo ndio hatari kubwa ya huduma hii, kuliko hata riba yenyewe. Kwa anayepanga ratiba tunatoa hapo funzo jingine sisi wenyewe: familia inayozunguka vivutio vitano kwa siku inarudi imechoka. Acha angalau nusu siku tupu katika kila siku mbili. Hailipiwi.

Lipa kwanza nayo ina ugonjwa wake, na ni mzito: pesa yako inakaa kwa kampuni kwa miezi mingi kabla hujapata chochote. Kampuni ikifa, unabaki mdai kwenye foleni ya wadai. Ukubwa na umri wa kampuni si kinga. Thomas Cook alianza kwa kupeleka abiria kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough tarehe 5 Julai 1841, na kampuni yenye jina lake ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 ikiwa ni miongoni mwa majina makubwa ya safari duniani. Waingereza wapatao 150,000 walikuwa nje ya nchi siku hiyo. Walirudishwa nyumbani, na waliokuwa wamelipia vifurushi vya ndege ambavyo havijatumika walirejeshewa, kwa sababu Uingereza ina mfumo wa ATOL unaowalinda wanunuzi wa vifurushi hivyo. Kilichowaokoa ni mfumo ule. Pasipo na mfumo wa namna hiyo, mteja wa kampuni iliyoanguka hana pa kushika.

Kwa hiyo, kabla ya kianzio, uliza kwa maandishi: pesa yangu inakaa akaunti gani, na nani anaidhibiti? Jibu unalolitaka ni akaunti ya amana iliyotengwa na fedha za uendeshaji, au dhamana ya benki, au bima ya kufilisika inayomtaja mteja kuwa mnufaika. “Tuna uzoefu wa miaka 20” si jibu. “Sisi ni wanachama wa chama cha mawakala” ni nusu ya jibu. Nenda ukasome chama hicho kinalipa nini mwanachama wake akifilisika, maana vingine havilipi kitu. Uliza pia safari ikifutwa na kampuni, narudishiwa pesa au napewa vocha? Mwaka 2020, safari zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kampuni nyingi ziling’ang’ania vocha, na familia zilizohitaji pesa ya kula zikabaki na karatasi. Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo namba 2015/2302, ambayo ni sheria ya vifurushi vya safari, yanaitaka kampuni irejeshe fedha ndani ya siku 14. Mahali ambapo sheria haisemi hivyo, kinachokulinda ni mstari uliomo ndani ya mkataba, basi hakikisha umo.

Maelekezo hayo ni kipimo kizuri hata kwa anayeishi mbali na Ulaya, kwa kuwa yanaonyesha mkataba wa haki unavyokuwa. Mteja anaweza kumwachia mtu mwingine nafasi yake akitoa taarifa angalau siku 7 kabla ya kuondoka, kwa kulipia gharama halisi za badiliko. Bei ikipandishwa zaidi ya asilimia 8, mteja ana haki ya kujitoa bila faini. Chukua mkataba wako, tafuta mambo haya mawili. Lipa kwanza isiyoweka ukomo wa kupanda kwa bei inaweza kukufikisha awamu ya kumi kisha ikakudai nyongeza ya mafuta ya ndege, na wakati huo huna nguvu ya kubishana.

Jedwali la kughairi lisomwe kwa siku zake. Kwa kawaida ukighairi mapema unapoteza kianzio tu, kisha makato yanapanda kwa ngazi, na katika wiki ya mwisho unapoteza vyote. Linalopaswa kukupa wasiwasi ni mkataba unaokata pesa yote tangu siku ya kwanza. Na angalia kianzio chenyewe: kikizidi robo ya bei, ngazi za makato hazina maana tena kwa familia, kwani sehemu kubwa imeshapotea kabla ngazi ya kwanza haijafika.

Bima ya safari inunuliwe siku ileile ya kianzio. Wengi huinunua wiki ya kuondoka, na hilo ni kosa la gharama, kwa sababu sehemu ya kughairi huanza kulinda tangu siku iliponunuliwa. Mtoto akivunjika mguu miezi mitatu kabla ya safari na bima haijanunuliwa, hakuna wa kulipa. Magonjwa yaliyopo, hata presha iliyotulia, yatajwe yote. Ugonjwa usiotajwa ndio mlango rahisi zaidi wa bima kukataa dai. Pasipoti pia zikaguliwe mapema: nchi nyingi zinataka pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele, na za watoto huisha haraka kuliko za wakubwa. Jina kwenye tiketi liwe lilelile la pasipoti, herufi kwa herufi. Mkiwa nje, mashine ya kadi ikiuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya hapo mlipo, chagua ya hapo mlipo. Kiwango cha kubadilishia cha yule mfanyabiashara huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Kuhusu umiliki wa wiki za hoteli kwa mwaka, unaouzwa katika vikao vya zawadi na chai ya bure, tunasema kwa ufupi: usinunue. Ada ya matunzo hulipwa kila mwaka uende usiende, nayo hupanda, na kumpata wa kuuziwa ni kazi. Ulaya humpa mnunuzi siku 14 za kujitoa na inakataza kuchukua malipo ya awali ndani ya siku hizo. Anayekutaka usaini na kulipa kabla hujatoka chumbani ameshakujulisha yeye ni nani.

Njia ya tatu ni akaunti ya akiba ya kawaida iliyopewa jina la likizo. Familia yenye kipato cha 2,000 kwa mwezi ikitenga asilimia 5 inaweka 100, na kwa miezi 12 inafika 1,200, ile bei tuliyoipata hapo juu, pasipo riba na pasipo kumtegemea mtu asifilisike. Agizo la benki la kuhamisha pesa liwekwe siku moja baada ya mshahara kuingia. Likiwekwa katikati ya mwezi, litakuta akaunti tupu na benki itakutoza. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka atenge asilimia kwa kila malipo anayopokea, asijifunge kwa kiasi. Akaunti isiwe na kadi. Mwezi wa nne tangu muanze kuweka akiba fanyeni tathmini: kama mmeshachota zaidi ya mara moja, kiasi ni kikubwa kuliko uwezo, kipunguzeni na mwahirishe safari. Mwezi wa saba au wa nane wa akiba anzeni kuulizia bei mkiwa na taslimu, na muombe punguzo, kwa maana wauzaji wengi huwa na nafasi ya kushusha kwa anayelipa yote.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni wa kweli: pesa iliyo mikononi mwako huchotwa. Familia inayojua haiwezi kuacha akiba itulie ina sababu halali ya kuchagua lipa kwanza, mradi ulinzi upo. Hapo mkataba unafanya kazi ya nidhamu, na ada ndogo ya usumbufu huo inavumilika.

Mwaka ambao hata asilimia 5 haipatikani, likizo isifutwe. Chukueni siku zenu kazini kama kawaida na mzitumie bila kusafiri. Ila zipangwe hasa: simu za kazini zizimwe, kazi za nyumbani zimalizwe wiki ya kabla, na kila mtoto achague siku yake moja. Zisipopangwa zitaishia kwenye kufua na kupanga kabati.

Na kama tayari mko ndani ya mpango wa awamu na kipato kimekatika, msinyamaze mkingoja kukosa malipo. Angalieni tarehe ya ngazi inayofuata ya makato, kisha mwandikie muuzaji kabla ya tarehe hiyo mkiomba, kwa mpangilio huu: kusogeza safari kwa mwaka mmoja kwa bei ileile, kupunguza siku, kuhamishia nafasi kwa familia nyingine, na mwisho kughairi. Ombi la kwanza hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwani kampuni inabaki na mteja na pesa. Taarifa iwe ya maandishi, ihifadhiwe pamoja na stakabadhi zote, na agizo la benki lisimamishwe tu baada ya kupata jibu, kwa sababu awamu moja iliyorukwa kabla ya hapo inaweza kuhesabiwa kuwa mmevunja mkataba.